Rivolva fupi ya .38: wadkata, holopointi au magnum? Ulinganisho wa risasi za kujilinda

Mtu akishapata rivolva ya .38 (hicho ni kipimo cha risasi yake) yenye mtutu mfupi, ile ya inchi 2 hivi inayoingia mfukoni na mara nyingi inabeba risasi tano tu, swali linalofuata ni aweke risasi gani, na hapo ndo ushauri wa ovyo unapoanza kumiminika. Anaambiwa chukua yenye nguvu kuliko zote. Anaambiwa holopointi, yaani risasi yenye tundu kichwani, ni holopointi, yoyote ile inafaa. Mwingine anamwambia .38 ni ya bibi, weka magnum, ile .357 yenye nguvu zaidi. Wote hao wanaongea kama vile mtutu ni wa inchi 4 au 6 na chuma kina kilo nzima, wakati yeye mkononi ana kitu cha gramu 400 na ushee chenye kishikio kinachotosha vidole viwili na nusu.

Mimi nimezunguka sana kwenye hili, nimenunua maboksi mengi ambayo sasa naona ilikuwa hasara, na msimamo wangu nauweka mapema kabisa ili usome ukijua nimesimama wapi: kwenye mtutu mfupi usikimbilie nguvu, chagua risasi inayofika ndani ya kutosha na ambayo wewe mwenyewe unaweza kupiga tano mfululizo zikaenda ulikolenga. Kuchanua kwa kichwa cha risasi, yaani kufunguka na kupanuka kikigonga, ni nyongeza, ukipata sawa, ukikosa usilie.

Na naongelea watu wenye leseni na sababu halali ya kumiliki, hilo lieleweke.

Mtutu mfupi unaharibu nini hasa

Risasi inapata kasi ndani ya mtutu, baruti inaungua na gesi inasukuma kichwa mbele mpaka kitoke. Mtutu ukiwa mfupi kichwa kinatoka wakati gesi bado ina kazi ya kufanya, kwa hiyo kasi inapungua, kwa .38 Special tofauti ya inchi 4 na inchi 2 inaweza kufika futi 50 mpaka 100 kwa sekunde na wakati mwingine zaidi. Alafu rivolva ina ule uwazi mdogo kati ya silinda (kile kipande kinachozunguka chenye vitundu vya risasi) na mtutu, gesi nyingine inapotelea hapo. Sasa kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwenye mtutu wa majaribio wa inchi 4, yaani sio rivolva yako. Unasoma namba ya mtu mwingine.

Kwa risasi ngumu isiyochanua hilo sio janga. Ila kwa holopointi ni shida, kwa sababu ile tundu ya kichwani imetengenezwa ichanue ikigonga kitu chenye majimaji kwa kasi fulani, chini ya hapo haifunguki. Na kuna nguo. Holopointi ikipita kwenye jinzi au koti zito, kipande cha kitambaa kinakwenda kujaa kwenye ile tundu kama kizibo, na kuanzia hapo inasafiri kama risasi ya kawaida ya kichwa cha mviringo. Ukiwa na kasi kubwa kizibo kinashindwa, ukiwa na inchi 2 za mtutu mara nyingi kizibo kinashinda.

Kipimo wanachotumia wengi ni kupiga kwenye jeli ya asilimia 10, inayosimama badala ya nyama ya mwili. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanataka risasi ipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani kama sentimita 30 hadi 46, na hicho kipimo kilikuja baada ya yale mapambano ya Miami ya tarehe 11 Aprili 1986 kati ya ajenti wa FBI na majambazi ambapo risasi moja ya 9mm ilipiga pazuri ila ikasimama kabla ya kufika moyoni. Watu wakiona "inchi 12" wanadhani mwili una unene huo wote mbele, hapana, risasi inaweza kupitia mkononi kwanza, au kuingia kwa ubavu. Ndo maana risasi inayochanua vizuri sana alafu ikasimama kwenye inchi 8 haina sifa hata ukiipiga picha ikiwa imefunguka kama ua.

Lucky Gunner, wauzaji wa risasi wa Marekani, walishapiga msururu mrefu wa .38 na .357 kwenye jeli yenye vitambaa mbele, kwa mitutu ya inchi 2 na inchi 4, na ukipitia yale matokeo unaona wazi kwamba za .38 nyingi zikitoka kwenye mtutu mfupi aidha hazichanui kabisa na zinapita inchi 18, au zinachanua na kuishia njiani. Zinazofanya vyote viwili ni chache. Hapo ndo penye ulinganisho wenyewe.

Wadkata ya greni 148

Tuanze na ile ambayo watu wanaidharau. Wadkata ni risasi ya shabaha (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), kichwa chake ni bapa kabisa kama kifuniko cha soda na kimezamishwa mpaka usawa wa mdomo wa ganda, ukiishika mara ya kwanza unadhani ni ganda tupu. Ilitengenezwa itoboe karatasi kwa duara safi ili pointi zihesabike. Ya kampuni ya Federal ya mashindano imeandikwa futi 690 kwa sekunde, kama mita 210, na kwenye mtutu mfupi inashuka chini ya hapo.

Kwa namba hizo inaonekana dhaifu. Ila haitegemei kuchanua. Ule ubapa unakata badala ya kusukuma pembeni, inaenda moja kwa moja, na kwenye jeli inafika inchi 12 bila tatizo na mara nyingi inaingia kwenye 14, 16 na kuendelea, nguo ziwepo zisiwepo. Yaani matokeo ni yaleyale leo na kesho.

Na teke lake, yaani ule msukumo wa silaha kurudi nyuma mkononi, ni dogo. Kuna hesabu ya haraka ninayoipenda, zidisha uzito wa kichwa kwa kasi yake, haikupi teke lote kwa sababu baruti nayo ina uzito wake, ila inakupa picha. Wadkata, hata ukiipa ile 690 ya mtutu mrefu: 148 mara 690 ni kama 102,000. Gold Dot, holopointi nitakayoieleza mbele, ya greni 135 kwa futi 860: 116,000. Magnum ya greni 125 ikitoka kwenye mtutu mfupi kwa kama 1200: 150,000. Sasa weka hiyo 150,000 kwenye chuma chepesi kuliko chupa ya maji ya nusu lita uone.

Ubaya wa wadkata upo. Kuijaza tena ni mateso, vichwa bapa havina ncha ya kuongoza kuingia kwenye vitundu vya silinda, unasukumasukuma vinagonga ukingo na vidole vikiwa na jasho ndo kabisa. Kichwa chake ni madini ya risasi tupu yasiyo na koti la shaba kwa hiyo mtutu unachafuka. Na kwa kuwa ni ya mashindano, mara nyingi praima yake, kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda, haijazibwa dhidi ya unyevu na mafuta, kwa hiyo usipake mafuta kwenye silinda kama unakaanga kitu, na zibadilishe mara kwa mara. Kampuni ya Buffalo Bore ina wadkata ngumu yenye kasi zaidi, ila hapo umeshairudisha teke uliyokuwa unaikimbia, mi sioni sababu.

Holopointi nzito: Gold Dot 135 +P na HST 130 +P

Hizi mbili ni kundi la risasi zilizotengenezwa kwa mtutu mfupi tangu mwanzo, sio zilizobandikwa tu lebo. Gold Dot ya Speer ya greni 135 ilitengenezwa kwa ajili ya polisi wa New York, waliokuwa na rivolva fupi nyingi kama silaha ya akiba, na namba yake ya futi 860, mita 262 hivi, imepimwa kwenye mtutu wa inchi 1.9. Hilo peke yake nimelipenda, wamekuambia ukweli wa chuma chako. Tundu yake ni pana, ukiitazama kwa juu unaona kama kikombe, ndo inayoisaidia kufunguka kwa kasi ndogo. Kwenye mitutu mifupi ni moja ya .38 zinazoonekana kufunguka mara nyingi kuliko kutofunguka na bado zinafika kwenye 12.

HST Micro ya Federal ni greni 130 +P, na yenyewe ina sura ya ajabu, kichwa kimezamishwa ndani ya ganda kama wadkata, tundu kubwa tupu inakutazama. Inachanua kwa upana wa kuvutia. Ila kwa kuwa inachanua sana inakaa kwenye ukingo wa chini wa ile inchi 12, mara inafika mara inapelea kidogo. Na kujaza ni kama wadkata, kile kichwa kilichozama hakikusaidii kitu.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizo mbili nachukua Gold Dot, kwa sababu ya kina chake na kwa sababu ina bega la mviringo linaloingia kwenye silinda bila ugomvi. Mwenye HST sitamwambia atupe.

Zote mbili ni +P. Maana yake presha imepandishwa, .38 ya kawaida mwisho wake ni psi (kipimo cha presha) 17,000, +P ni 20,000. Rivolva za kisasa nyingi zimeandikwa kabisa ubavuni mwa mtutu ".38 S&W SPL +P". Kama yako haijaandikwa, hasa kama ni ya zamani yenye fremu ya aluminiamu, usiweke, hata jamaa yako aseme yeye anapiga kila wiki na haijapasuka. Soma kitabu cha silaha, kama huna kitabu tumia ya kawaida.

Nyepesi na za haraka: greni 90 mpaka 110

Hapa kuna Critical Defense ya Hornady, ile yenye ncha nyekundu ya plastiki laini iliyoziba tundu ili nguo isiingie. Akili ya kitu ni nzuri, kizibo chao kimewahi kabla ya kizibo cha jinzi, na ukigonga ile plastiki inasukumwa ndani na kufungua kichwa. Ya greni 110 isiyo +P inavumilika mkononi, inachanua kiasi, inazunguka kwenye 12 na kitu. Kwa mtu mwenye chuma kisichoruhusiwa +P na anayetaka lazima kitu kinachochanua, hiyo ndo ningemwelekeza bila kufikiri sana. Kujaza pia ni raha, ncha inaingia yenyewe.

Kuna ndugu yake ya greni 90 yenye ncha ya pinki, teke dogo zaidi. Mi naona imevuka mpaka. Kichwa cha gramu kama 5.8 kikichanua kinapoteza mwendo upesi, hakina uzito wa kuendelea kusukuma. Kama tatizo ni teke, wadkata inakupa teke dogo na kina juu yake, kwa nini ukanunue teke dogo kwa kulipia kina?

Halafu kuna za shaba tupu kama zile za Barnes, greni 110, hazina madini ya risasi ndani kabisa. Kwenye jeli zinafungua petali zake vizuri na zinashika kina kuliko nyepesi nyingine za uzito huo, lakini kupatikana kwake ni kwa bahati, na mimi risasi ambayo siwezi kununua boksi tatu za majaribio siiweki kwenye kitu cha kujilinda.

Ile kongwe ya greni 158 +P

Wazee wanaiita ya FBI. Kichwa chake ni madini ya risasi laini tupu, hakina koti la shaba, kimekatwa bapa kwa mbele na kina tundu. Kwa kuwa madini hayo ni laini haihitaji kasi kubwa kufunguka, na ikikataa kufunguka bado una greni 158, gramu 10 na kitu, zenye uso wa bapa. Ndo ilikuwa risasi ya rivolva za FBI miaka mingi, na kule Miami aliyemaliza yale mapambano, ajenti Edmundo Mireles, alikuwa na rivolva ya .357 ila ndani kulikuwa na .38 Special +P. Watu wanaokuambia .38 ni ya bibi waambie hilo.

Faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi ni shabaha. Rivolva nyingi za zamani zenye kilengeo kisichorekebishika zilipangwa kwa kichwa cha greni 158. Risasi nyepesi inatoka mapema kabla mtutu haujapanda sana, kwa hiyo inagonga chini, nzito inakaa zaidi na inagonga juu. Kwenye mita 7 tofauti ni vidole viwili vitatu, sio ya kukukosesha usingizi, ila kwenye mita 15 utaanza kujiuliza kama mkono wako umeharibika.

Teke lake kwenye fremu nyepesi ni kali, sitakudanganya. Kwenye rivolva ya chuma kizito, kama zile za familia ya Model 36 ya Smith na Wesson ambayo ilianza 1950, inapendeza. Kwenye aloi ya gramu 400 mimi napiga kumi alafu naanza kutafuta sababu ya kwenda kunywa chai.

Magnum, na siku silinda ilipogoma

Sasa .357 Magnum. Ganda lake ni refu kuliko la .38 kwa kama milimita 3.5, ndo maana rivolva ya .357 inapiga .38 ila ya .38 haiwezi kumeza .357. Presha yake ni psi 35,000, mara mbili ya .38 ya kawaida. Kwenye mtutu wa inchi 4 ni risasi nzuri mno, sina ugomvi nayo. Kwenye inchi 2 unapoteza kasi nyingi na unabaki na mlio na moto, baruti ambayo haijamaliza kuungua inaungulia nje mbele ya uso wako, na ikiwa ni usiku ndani ya chumba utabaki na duara la rangi ya machungwa machoni wakati unatakiwa uone.

Nilikuwa na rivolva ya aloi, nyepesi kweli kweli, chini ya gramu 400 ikiwa tupu, na imeandikwa .357. Nikasema kama imeandikwa basi inapiga. Nikaweka tano za greni 125. Ya kwanza ilinipiga kwenye ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada kama nimechapwa na ubao, ya pili nikajikaza, ya tatu nikaona kishikio kinaniteleza, ya nne ikalia nikavuta triga tena na haikwenda. Imeganda. Nikaielekeza chini kwenye tuta la shabaha nikamwita msimamizi wa renji, yaani uwanja wa shabaha. Tulipochungulia kwa ubavuni kile kichwa cha risasi ya tano kilikuwa kimetoka kwenye ganda lake na kimejitokeza mbele ya silinda kama ulimi wa mbwa, kimegota kwenye fremu na silinda haizunguki kwenda mbele wala nyuma.

Kilichotokea ni rahisi. Kila teke rivolva inaruka nyuma kwa nguvu na maganda yanaenda nayo kwa sababu yameshikwa na ukingo wao, ila kichwa cha risasi kina uzito wake na kinataka kubaki palepale, kwa hiyo kila mlio ni kama unang'oa kichwa kidogo kidogo. Mdomo wa ganda usipokibana vizuri kinatoka. Kadiri chuma kinavyokuwa chepesi ndo hivyohivyo. Smith & Wesson 340PD, ambayo ni ya uzito huo huo, imeandikwa kwenye mtutu kabisa kwamba magnum isiwe na kichwa chini ya greni 120. Rivolva ambayo watu wanaisifia haigomi kama bastola za magazini, inagoma, tena ikigoma hivi huna cha kuvuta wala kugonga kuitatua, unahitaji meza na muda.

Kipimo chake hiki hapa, fanya kwa risasi yoyote utakayochagua hata kama sio magnum. Jaza tano, moja ipime urefu kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) au ipige mstari wa kalamu ya wino pale kichwa kinapokutana na ganda. Piga nne, ile iliyopimwa iwe ya mwisho. Itoe, ipime tena. Ikiwa mstari umeachana na ganda kwa kiasi cha kuonekana, hiyo risasi na hicho chuma havioani, tafuta nyingine.

Zilizobaki

.22 kwenye rivolva ndogo inavutia kwa kuwa unapata risasi nane badala ya tano na teke ni kama hakuna. Ila praima yake iko kwenye ukingo wa ganda na inahitaji kugongwa kwa nguvu, kwa hiyo triga inakuwa nzito kuliko ya .38, na bado zinakataa kuwaka mara nyingi kuliko risasi za praima ya katikati. Kwa mtu ambaye mikono haiwezi kabisa teke la wadkata, sawa, afadhali .22 unayoipiga kuliko .38 iliyolala kabatini, tumia yenye kichwa kigumu kizima, tundu kwenye .22 inakula kina.

.32 H&R Magnum naipenda kuliko wengi wanavyoipenda, inaingia sita pale zinapoingia tano, teke ni laini, na ukinunua rivolva ya .327 Federal inapiga hiyo, na .32 Long, na ile fupi ya .32 ya Smith na Wesson. Shida ni kuipata tu, rafu za risasi zinajaa .38 na .32 inakaa kona yenye vumbi.

Kujaza tena, na kwa nini nachanganya

Hapa ndo nimeishia kufanya kitu ambacho baadhi ya watu wanakiona cha ajabu. Ndani ya silinda naweka risasi moja, kwenye stripu ya akiba, kile kipande cha mpira kinachoshika risasi za kujazia, naweka nyingine. Risasi tano za kwanza unazijaza nyumbani umetulia, taa ipo, hata zikiwa bapa zinaingia. Za pili, kama siku hiyo mbaya ikifika, unazijaza ukitetemeka, na hapo unataka kichwa chenye bega la mviringo kinachotafuta tundu chenyewe. Kwa hiyo wadkata ndani, Gold Dot kwenye akiba. Zote nimezipiga, zote najua zinagonga wapi, tofauti yake kwenye mita 7 haizidi upana wa kisanduku cha kiberiti kwenye chuma changu.

Na kwa wanaojaza tena, kile kijiti cha kutolea maganda kwenye rivolva fupi ni kifupi, hakisukumi maganda mpaka nje. Elekeza mtutu juu, piga kijiti kwa kiganja mara moja kwa nguvu. Ukifanya ukiwa umelaza, chembe za baruti zinaingia chini ya ile nyota ya kutolea maganda na silinda haitafunga tena vizuri. Nimeona mtu anatafuta ubovu wa chuma chake saa nzima kumbe ni chembe moja ya baruti ndogo kama sukari.

Sheria nayo inachagua

Kuna nchi holopointi kwa raia ni marufuku, kuna nyingine zinaruhusu nyumbani na sio kubeba. Watu wanachanganya na lile tamko la Hague la 1899, lile linahusu risasi zinazochanua kwenye vita kati ya majeshi, halikuhusu wewe na leseni yako, kinachokuhusu ni sheria ya ulipo. Ukikuta zimekatazwa, hapo wadkata inakuwa sio chaguo la pili tena, kwa sababu haichanui na bado inakata, kuliko ile ya kichwa cha mviringo ya koti la shaba ambayo inateleza kupita na kuendelea na safari kwa asiyehusika. Ila hata wadkata uliza kwanza.

Nani achukue nini

Mwenye rivolva nyepesi ya aloi, au mikono inayouma, au asiyepiga mara kwa mara: wadkata 148 ya kawaida, na asione aibu. Mwenye aloi iliyoandikwa +P na anafanya mazoezi kila mwezi: Gold Dot 135. Mwenye chuma kizito: Gold Dot au ile ya greni 158, inategemea kilengeo chake kinaelekeza wapi. Asiyeruhusiwa +P ila anataka inayochanua: Hornady 110 ya kawaida. Mwenye .357 fupi: weka .38 +P ndani yake, na safisha vitundu vya silinda kwa sababu .38 inaacha pete ya masizi pale mbele na siku ukitaka kuweka .357 haitaingia mpaka mwisho.

Kabla hujaamua, fanya hivi na mtu wa pili renji, masikio yamezibwa maana hizi zote zinapita desibeli 140. Mpe rivolva, akujazie bila wewe kuona, risasi mbili tatu za kweli na maganda matupu yaliyochanganywa. Vuta triga. Pale ikilia "tik" tupu angalia mtutu, ukikuta umechota chini kama unachimba basi mwili wako unaiogopa hiyo risasi kabla haijalia. Mimi nilijidhania sina hilo tatizo, nikapewa hivyo na +P ya greni 158, mtutu ulizama kiasi kwamba jamaa alicheka. Nikarudia na wadkata, ulitikisika tu. Hapo ndo niliacha kubishana.

Risasi za ndani nazibadilisha kila miezi sita, za zamani zinaenda renji. Boksi naliandika tarehe kwa kalamu nene, lipo kwenye sefu yake na rivolva kwenye sefu yake, funguo ninazo mimi.